Kesi za hataza za kimataifa: uhasama wa mataifa huingilia wapi hasa?

Tarehe 24 Agosti 2012 mahakama mbili, kila moja upande wake wa Bahari ya Pasifiki, zilitoa uamuzi kuhusu Apple na Samsung. Mahakama ya Wilaya ya Kati ya Seoul ilisema kila kampuni imekiuka hataza za mwenzake, yaani haki za pekee juu ya uvumbuzi: Apple ilipe won milioni 40, Samsung ilipe won milioni 25. San Jose, California, mwendo mfupi wa gari kutoka makao makuu ya Apple, juri, yaani jopo la raia wa kawaida, ilisema Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1 na kwamba Apple haijakiuka hataza hata moja ya Samsung. Tangu siku hiyo kuna maelezo yaliyokaa vinywani mwa watu: kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na kila mahakama inambeba wa kwao.

Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, ila yananyooshea kidole mahali pasipo. Uhasama wa mataifa mara chache huamua swali la kiufundi, yaani kama simu hii inatumia uvumbuzi ule. Huingia kupitia milango mingine: raia wanaoketi kwenye juri, wanasiasa wanaoshika kalamu baada ya hukumu kutoka, na zaidi ya yote ugomvi wa mahakama ipi ina mamlaka ya kupanga bei ya dunia nzima. Asiyeijua milango hiyo ataona ubaguzi mahali ambapo kuna hesabu mbovu tu, na upendeleo wenyewe utampita.

Tuanze na sababu ya hukumu kutofautiana. Hataza ni haki ya nchi moja moja. Mkataba wa Paris wa 1883, kwa kifungu chake cha 4bis, unasema hataza zilizotolewa katika nchi mbalimbali kwa uvumbuzi uleule zinajitegemea. Moja ikifutwa, nyingine haiguswi. Wakili anayepeleka "uvumbuzi uleule" Seoul na San Jose kwa kweli ameshika karatasi mbili tofauti. Maneno ya madai yake, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa, yalijadiliwa na wachunguzi tofauti wa ofisi za hataza, yakabanwa huku na kuachwa mapana kule, na neno moja lililoongezwa ili hataza ipite linaweza kuitoa simu nzima nje ya madai. Juu ya hapo kuna sheria ya fidia. Huko San Jose Apple ilitanguliza hataza za umbo la simu, na sheria ya Marekani inampa mwenye hataza ya umbo faida yote ya aliyeikiuka. Seoul iliyakataa madai ya umbo. Ukiweka won milioni 40 kando ya dola bilioni 1 na kusema "tazama uzalendo", umelinganisha kesi mbili ambazo hata hataza zilizobishaniwa hazikuwa zilezile.

Fomu ya uamuzi ya San Jose inafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo makosa yanapoonekana. Ilikuwa na maswali takriban 700, na juri iliyamaliza kwa chini ya siku tatu. Jaji Lucy Koh alipoipitia siku ileile, ilibainika kwamba juri imeipa Apple dola 219,694 kwa tableti ambayo juri yenyewe ilisema haijakiuka kitu. Simu moja, Intercept, ilikuwa na kasoro ya namna hiyo kwa takriban dola milioni 2. Wanajuri walirudishwa ndani, wakasahihisha, na jumla ikatua kwenye dola 1,049,343,540.

Machi 2013 jaji alikata dola 450,514,650 kutoka kwenye jumla hiyo. Mfano mmoja ni Galaxy Prevail. Simu hiyo ilionekana kukiuka hataza za utendaji peke yake, yaani za namna simu inavyofanya kazi, na kwa hataza za aina hiyo sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya mauzo yaliyopotea au mrabaha wa kiasi, si faida ya mkiukaji. Juri iliipa Apple dola 57,867,383, ambazo zilikuwa asilimia 40 ya faida ya Samsung kwenye simu hiyo. Kosa la pili lilikuwa la tarehe. Mtaalamu wa hesabu wa Apple alianza kuhesabu tangu 4 Agosti 2010, siku ya kikao cha kampuni hizo mbili, kana kwamba Samsung ilikwisha kuarifiwa kuhusu hataza zote. Nyingi kati ya hizo Samsung iliarifiwa rasmi kwa mashtaka ya Aprili na Juni 2011. Miezi kadhaa ya mauzo haikupaswa kuhesabiwa. Juri nyingine ya Novemba 2013 iliijaza sehemu iliyokatwa kwa dola milioni 290. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 kwa 0, iliipa Samsung ushindi juu ya namna ya kukokotoa faida kwenye hataza za umbo. Mwaka 2018 juri ya mwisho ilisema dola milioni 539, na pande mbili zikamalizana Juni mwaka huo. Kilichoitwa uzalendo, kwa sehemu kubwa, kilikuwa kanuni ya fidia iliyotumiwa vibaya na tarehe iliyoanza mapema mno.

Hata hivyo juri haisafishiki kirahisi namna hiyo. Utafiti uliochapishwa 2003 na Kimberly Moore, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa rufaa wa shirikisho, ulizipitia kesi za hataza za Marekani ambamo mwenyeji alipambana na mgeni. Mbele ya juri wenyeji walishinda asilimia 64 na wageni asilimia 36. Mbele ya jaji peke yake pengo hilo karibu halikuwepo. Namba hizi zina kasoro, kwa sababu kesi nyingi humalizwa kwa mapatano na zinazofika mwisho si sampuli ya kesi zote. Lakini tofauti kati ya juri na jaji ni ngumu kuielezea kwa hoja hiyo pekee. Kinachotokea kinafahamika kwa yeyote anayezijua kesi hizi. Juri haiketi na hataza mezani ikipima neno kwa neno. Inasikiliza hadithi mbili, na hadithi ya mvumbuzi wa nyumbani aliyeporwa na jitu la ng'ambo husikika vizuri, hasa majira ambayo siasa nazo zinaimba wimbo huohuo. Mwaka 1992, ugomvi wa kibiashara kati ya Marekani na Japani ukiwa umepamba moto, juri ya New Jersey iliiambia Minolta ilipe Honeywell takriban dola milioni 96 kwa teknolojia ya kamera kujilenga yenyewe. Minolta ilimaliza shauri kwa dola milioni 127.5.

Ndiyo maana mawakili wa kampuni ngeni hupeleka maombi kabla ya kesi kuanza, wakimtaka jaji apige marufuku kutaja utaifa, vita vya biashara au kazi zinazohamia ng'ambo. Ni hatua ndogo yenye uzito mkubwa, na anayeikosa huanza kesi akiwa nyuma. Pia tusizibebeshe juri kila mzigo. Machi 2021 juri ya Waco, Texas, iliiamuru Intel, kampuni ya Marekani yenyewe, ilipe dola bilioni 2.18, na Desemba 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua fidia hiyo. Kiasi kikubwa cha pesa peke yake hakithibitishi chuki kwa mgeni.

Mlango wa pili uko wazi kabisa, umeandikwa ndani ya sheria, na bado wengi huupita bila kuuona. Kifungu cha 337 cha Sheria ya Ushuru ya Marekani ya 1930 kinaipa Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo, ITC, uwezo wa kuzuia bidhaa zinazokiuka hataza zisiingie nchini. ITC haitoi fidia, hufunga bandari. Amri yake huenda kwa Rais, ambaye ana siku 60 za kuikataa kwa sababu za sera. Juni 2013 ITC iliamua kwamba baadhi ya iPhone 4 na iPad 2 zinakiuka hataza ya Samsung, ikaamuru zizuiwe. Tarehe 3 Agosti Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, Michael Froman, aliikataa amri hiyo kwa niaba ya Rais, mara ya kwanza kwa jambo hilo kutokea tangu 1987. Siku sita baadaye ITC ikatoa amri dhidi ya baadhi ya simu za Samsung kwa hataza za Apple. Hiyo iliachwa ipite, Oktoba 8 mwaka uleule.

Serikali ya Marekani ilikuwa na hoja. Hataza ya Samsung ilikuwa sehemu ya kiwango cha mawasiliano, yaani kanuni za kiufundi ambazo simu zote hulazimika kuzifuata ili ziwasiliane, na mwenye hataza ya kiwango huahidi kuikodisha kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua, kwa hiyo kumfungia mtu bandari kwa hataza hiyo ni jambo zito. Hataza za Apple hazikuwa na ahadi hiyo. Hoja hiyo ni nzuri, lakini mpangilio wenyewe unamwacha mwanasiasa aamue nani auze nini baada ya wataalamu kumaliza kazi, na ukiwa Seoul hutakuwa na sababu ya kuamini kwamba bendera haikuwa mezani. Mfumo huu ulikwisha kulalamikiwa: mwaka 1989 jopo la GATT, mkataba wa biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, kwa malalamiko ya Jumuiya ya Ulaya, liliona kifungu cha 337 kinawatendea wageni vibaya kuliko wenyeji, na Marekani ikakirekebisha 1994. Kalamu ya Rais ilibaki. Haki iniruhusu niongeze kwamba Desemba 2023 kalamu hiyo haikuiokoa Apple katika shauri la saa zake dhidi ya Masimo, kampuni ya vifaa vya tiba. Lakini Masimo nayo ni ya Marekani, kwa hiyo hapo hapakuwa na mgeni wa kumnyima.

Sasa twende Agosti 2020, mwezi ambao naona umefundisha zaidi kuliko mwingine wowote.

Tarehe 18 mahakama ya Mannheim, Ujerumani, ilitoa zuio, yaani amri ya kusimamisha mauzo, dhidi ya Daimler, kampuni ya magari ya Mercedes na fahari ya viwanda vya Ujerumani, kwa faida ya Nokia ya Finland. Ili Nokia itekeleze zuio hilo kabla ya rufaa, ilitakiwa iweke dhamana ya euro bilioni 7. Kama majaji huwabeba wa kwao, palikuwa na nafasi gani bora kuliko hiyo? Majaji wa Mannheim walifuata desturi yao, kwamba ukiukaji ukithibitika zuio hufuata, na hawakugeuza shingo kuangalia mshtakiwa ametoka wapi.

Tarehe 26 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilizimaliza kwa pamoja kesi za Unwired Planet na Conversant, kampuni zinazomiliki hataza, dhidi ya Huawei na ZTE za China. Ilisema mahakama ya Uingereza inaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima kwa hataza za kiwango, na kampuni isiyoikubali leseni hiyo izuiwe kuuza Uingereza. Hakuna Mwingereza katika ugomvi huo. Katika shauri la Conversant soko la Uingereza lilikuwa takriban asilimia 1 ya mauzo ya Huawei, wakati China peke yake ilizidi nusu.

Tarehe 27 mahakama ya Düsseldorf iliizuia Huawei kwa hataza za Conversant. Huawei ilikimbilia Beijing siku hiyohiyo, na tarehe 28 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliiamuru Conversant isiitekeleze hukumu ya Düsseldorf hadi kesi ya China imalizike. Faini ya kukaidi ilikuwa yuan milioni 1 kwa kila siku. Sheria ya China inaweka kiasi hicho kuwa kikomo cha faini kwa taasisi. Ubunifu wa mahakama ulikuwa kukifanya kijirudie kila kukicha. Majaji walitaja pengo la bei: mrabaha uliokubaliwa Düsseldorf ulikuwa mara 18.3 ya ule uliopangwa na mahakama ya Nanjing mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo uhasama wa mataifa unapoonekana waziwazi, nao hauhusu kabisa kama hataza imekiukwa. Swali ni nani anapanga bei. London, ikiwa na soko dogo, inataka kuwa mahali ambapo wenye hataza hukimbilia. China, yenye viwanda na soko kubwa, inasema bei inayolipwa kwa simu zinazotengenezwa kwake haiwezi kupangwa na mtu wa mbali. Kila upande una hoja ya kisheria, na kila hoja inaangukia pale pale penye maslahi ya nchi yake.

Namna silaha hii inavyofanya kazi ni hivi. Mtengenezaji hufungua kesi ya kupangiwa mrabaha katika mahakama anayoiamini. Kisha huomba amri ya kumkataza mwenye hataza asidai zuio popote pengine. Faini huuma kwa sababu mwenye hataza ana wateja au mali ndani ya nchi hiyo. Septemba 2020 mahakama ya Wuhan ilimpa Xiaomi, mtengenezaji wa simu wa China, amri ya namna hiyo dhidi ya InterDigital, kampuni ya Marekani inayomiliki hataza. Mahakama Kuu ya Delhi ikajibu Oktoba kwa amri ya kuikataza Xiaomi isiitumie amri ya Wuhan, na Munich ikafuata, na katika hukumu yake ya Februari 2021 ikaongeza kwamba mtengenezaji anayekimbilia amri za namna hii hawezi kujiita mtu aliye tayari kulipa leseni. Desemba 2020 Wuhan ilitoa amri nyingine, mara hii kwa faida ya Samsung dhidi ya Ericsson. Mahakama ya Texas ilijibu ndani ya siku tatu, na mwezi uliofuata ikaiambia Samsung iibebee Ericsson faini yoyote itakayotozwa China. Tazama wahusika: Mkorea na Mswidi, mbele ya Wuhan na Texas. Hakuna Mchina wala Mmarekani wa kubebwa. Mahakama zenyewe ndizo zilizokuwa zikishindana.

China haikubuni silaha hii. Uingereza imeitumia kwa muda mrefu, na mwaka 2012 jaji wa Seattle aliizuia Motorola isiitekeleze hukumu ya Mannheim dhidi ya Microsoft. Kilichokuwa kipya ni upana, kasi na ukubwa wa faini. Umoja wa Ulaya ulipeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani Februari 2022, na Julai 2025 wasuluhishi wakaamua kwamba sera hiyo ya China inakwenda kinyume na mkataba wa haki miliki wa shirika hilo, kwa kuwa inawanyima wenye hataza wa nchi nyingine haki walizopewa na sheria za nchi hizo.

Kuhusu China kuna kosa jingine la kusoma mambo juujuu. Desemba 2018 dunia iliambiwa kwamba mahakama ya Fuzhou imezuia aina kadhaa za iPhone, siku chache baada ya Meng Wanzhou, mkuu wa fedha wa Huawei, kukamatwa Kanada. Wengi walisema ni kisasi. Amri yenyewe ilikuwa ya 30 Novemba, siku moja kabla ya kukamatwa kwake, na aliyeiomba ni Qualcomm ya Marekani. Tarehe ya hati ni kitu cha kwanza cha kutazama, kabla ya habari yenyewe.

Palipo na upendeleo wa kweli China, mara nyingi ni wa mji au mkoa kuliko wa taifa. Mwaka 2007 mahakama ya Wenzhou iliiamuru Schneider ya Ufaransa kuilipa Chint, kampuni ya palepale Wenzhou, yuan milioni 334.8. Hataza iliyotumika ilikuwa ya ile aina ndogo inayosajiliwa bila kuchunguzwa kwa kina. Mwaka 2009 walimalizana kwa yuan milioni 157.5. Wachina wenyewe waliuona ugonjwa huo: tangu Januari 2019 rufaa za hataza za uvumbuzi zimehamishiwa kwenye kitengo maalumu cha Mahakama ya Juu huko Beijing, mbali na viongozi wa mkoa wanaotegemea kodi ya kiwanda.

Na pale uhasama unapofika kiwango cha vita, hakuna tena haja ya kuuficha. Mwaka 1919 serikali ya Marekani iliuza hataza takriban 4,500 zilizotwaliwa kwa Wajerumani, kwa chini ya dola 300,000 zote, na 1926 Mahakama ya Juu ikaubariki uuzaji huo. Machi 2022 serikali ya Urusi ilipanga kwamba hataza za watu wa nchi "zisizo rafiki" zikitumiwa kwa amri ya serikali, fidia ni asilimia 0. Mwezi huohuo jaji wa Kirov alitupa kesi ya alama za biashara ya kampuni ya Uingereza, akitaja waziwazi vikwazo vya nchi hiyo. Miezi mitatu baadaye mahakama ya rufaa iliitengua hukumu yake. Kinyume chake, Februari 2024, Marekani na China zikiwa zimeshikana mashati juu ya chipu, jaji wa San Francisco, baada ya kusikiliza kesi bila juri, aliiachia huru Fujian Jinhua, kampuni iliyofadhiliwa na serikali ya China, katika mashtaka ya jinai ya kuiba siri za Micron ya Marekani. Alisema ushahidi hautoshi.

Ulaya imejaribu kuziba mlango kwa namna ya kuwapanga majaji. Katika Mahakama ya Pamoja ya Hataza, iliyoanza 1 Juni 2023, jopo la ngazi ya kwanza haliwezi kuwa la nchi moja: tawi lenye kesi 50 au zaidi kwa mwaka lina majaji wawili wenyeji na mmoja wa nje, na lenye chini ya hapo lina mwenyeji mmoja na wawili wa nje. Ni mpango mzuri, nao unatibu upendeleo wa mtu aliyeketi kitini. Ugomvi wa bei ya dunia hauugusi.

Ugomvi huo sasa una shauri lake. Januari 2025 Umoja wa Ulaya ulipeleka malalamiko ya pili dhidi ya China, safari hii ukipinga mahakama za China kupanga mrabaha wa dunia nzima bila ridhaa ya mwenye hataza. London hupanga bei ileile ya dunia. Tofauti iko kwa anayebisha hodi: London kwa kawaida ni mwenye hataza, na mtengenezaji ana hiari ya kuikataa leseni na kuondoka katika soko la Uingereza. China mtengenezaji ndiye hufungua kesi, na mwenye hataza huburutwa ndani. Wasuluhishi watalazimika kusema kama tofauti hiyo inatosha, na wakisema haitoshi, hukumu ya London ya 26 Agosti 2020 nayo itakuwa imekalia kuti kavu.